Dawa Isiyowasha

Mume wangu Sifael hupiga dawa kwenye mashamba ya mpunga hapa Kihurio, mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Leo naweza kumcheka, maana yupo hai, anakula ugali wangu na kulalamika kuwa mboga haina chumvi.

Kipimo chake cha sumu kilikuwa ngozi yake mwenyewe. Alichovya kidole kwenye dawa, akangoja. Ikimwasha, alivaa glavu na koti la mvua. Isipomwasha, alisema hayo ni maji tu, akabeba bomba mgongoni amevaa kishati chake cha pamba tu. Wapiga dawa wenzake wote walipima hivyo hivyo, sasa mimi ningesema nini nikasikilizwa?

Jumanne ile bomba lilivuja. Dawa ilikuwa mpya na haikumwasha hata kidogo, kwa hiyo akaendelea na kazi tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, mgongo umelowa chapachapa. Alirudi nyumbani akitokwa na jasho na mate, anapapasa ukuta.

"Mama Yona, mbona umefunga madirisha? Humu giza."

Madirisha yalikuwa wazi. Nilimtazama machoni, nikaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikamvua shati, nikamwosha mgongo mzima kwa sabuni, huku namkaripia na kumwomba Mungu kwa pamoja. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia, chupa ya dawa aliyorudi nayo nimeifunga kwenye mfuko.

Kituo cha afya tulimkuta daktari Leticia, binti mdogo tu. Alisoma lebo ya chupa, akaagiza sindano papo hapo.

"Mama, dawa ilimlowesha wapi? Kwa muda gani?"

"Mgongoni. Asubuhi nzima. Lakini haikumwasha, daktari."

"Kuwasha siyo kipimo, mama. Kuna dawa inaunguza pale ilipogusa. Kuna inayomletea mzio mtu mmoja, mwenzake asisikie kitu. Hii inapenya ngozi kimya kimya, inakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Kadiri alivyokaa na shati bichi, ndivyo ilivyozidi kuingia."

"Atapona? Ataona tena?"

"Umefanya vizuri kumwosha. Tungoje."

Tukangoja. Sindano ikarudiwa, tena na tena. Jasho likakauka, mate yakakoma, pumzi ikatulia. Alasiri nilikaa pembeni ya kitanda, machozi yananitoka bila sauti, kwa kuwa sikutaka ajue. Sifael akageuza kichwa, akanitazama kitambo.

"Mama Yona, mbona unalia?"

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti.