Kijitu cha Bati cha Umm Salal

Mumbua huuza chochote. Wageni wanaohama Doha humwachia friji, makochi na vitanda vya watoto, naye huvigeuza pesa kabla vumbi halijatua. Kitu kimoja tu haachilii: michezo ya zamani ya besiboli, ile ya kuchezea mezani. Chumbani kwake Al Wakrah imejaa chini ya kitanda. Besiboli yenyewe hajawahi kuiona uwanjani. Anaielewa kwa raundas ya shule ya msingi kule Makueni: piga mpira, zunguka vituo, rudi nyumbani.

Ijumaa moja alifika Umm Salal kwa Arnold, dereva Mganda aliyeachiwa maboksi na bosi wake Mmarekani. Mumbua aliutambua mchezo, uwanja wa bati wenye kigongo cha springi, kabla haujatoka wote kwenye boksi. Akakunja uso makusudi.

"Bati hili, kaka? Limeshika kutu."

"Nyabo," Arnold alisema, akimwita bibi kwa Kiganda, "hiyo ni antiki, kitu cha kale."

"Antiki bila mpira? Nakupa bei ya chuma chakavu."

"Haya, lete. Inanijazia chumba tu."

Angeweza kulipa na kuondoka. Lakini Mumbua hanunui kitu bila kukijaribu. Akatoa gololi ya chuma anayotembea nayo pochini kwa kujaribia michezo kama hii, akaiweka, akavuta springi. Gongo likapiga. Gololi ikazunguka, ikatumbukia tunduni. Kisha chini ya bati kitu kikakwaruza, na kijitu chenye kofia nyekundu, si kikubwa kuliko punje ya haragwe, kikaanza kukimbia chenyewe: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka nyumbani. Hakuna betri, hakuna waya. Waliokitengeneza huenda wamekufa wote, na bado kilijua njia.

Mumbua alisahau kukunja uso. Mdomo ulibaki wazi, na Arnold aliuona.

"Siuzi tena," Arnold alisema polepole.

"Si tumeelewana?"

"Tulielewana bati, nyabo. Hiki kinakimbia."

Mumbua akachukua gololi yake.

"Hiyo unaenda nayo?"

"Si ni yangu?"

Mumbua hakumwambia kwamba gereji yoyote inazo gololi kama hiyo. Wakatazamana, mmoja ana uwanja, mwingine ana mpira.

"Bei ileile," Mumbua alisema mwishowe. "Lakini kila Ijumaa unakuja Wakrah kucheza. Chai juu yangu."

"Na napiga wa kwanza."

"Piga."

Arnold akavuta kiti. "Basi weka tena, nione."

Gololi ikarudi mahali pake. Wote wawili wakainama juu ya bati, wakisubiri ule mkwaruzo.