Miguu ya Cherehani ya Shangazi

Fundi wa ngozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Buti, alikuwa na kichwa kigumu kuliko soli alizoshona. Kwa miaka ishirini na sita alishona mikoba, mikanda na viatu kwa cherehani moja ya umeme, dude zito la kunyanyuliwa na watu wawili, lililotoboa tabaka nne za ngozi bila kuguna. Halafu mota ikaungua. Ikasukwa upya, ikaungua tena. Mara ya tatu fundi umeme aliinusa tu. "Hii ukazike, mzee," akasema.

Wiki tatu Buti alizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kuongoza ngozi kwa mwingine. Mishono ikaenda upogo. Wateja wakaanza kumpita, mikoba kwapani, wakijifanya hawakumwona. Hakujua kazi nyingine yoyote duniani, na hilo lilimtisha kuliko njaa.

Ndipo macho yake yakatua kwenye cherehani ya mkewe. Mkewe alishona nguo na sare za shule katika chumba hichohicho, kwa cherehani ya miguu aliyoachiwa na shangazi yake: miguu ya chuma yenye nakshi za maua, pedali pana, gurudumu kubwa chini. Tuseme ukweli, tangu mota iungue, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

"Mama watoto, niazime miguu."

"Yangu au ya cherehani?"

"Ya cherehani. Nifunge dude langu juu, nione kama litakubali. Siku mbili tu. Likikubali, natengeneza miguu yangu mwenyewe."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Hii ilitengenezwa kwa vitambaa, baba watoto."

"Chuma ni chuma."

Alimpa. Alimpa kwa sababu wiki tatu zile hakuwa amemsikia akipiga mluzi.

Buti aliondoa kichwa cha cherehani ya mkewe pamoja na meza yake, akaweka ubao mnene juu ya miguu. Alichonga gurudumu la mti, pana, ili mguu usichoke haraka, akakata mkanda wa ngozi wa kuliunganisha na lile la chini. Seremala jirani akamsaidia kupandisha dude. Likayumba. Sakafu ilikuwa na bonde kwenye kona moja, na mkewe kwa miaka yote alikuwa akiweka kitambaa kilichokunjwa chini ya mguu wa upande ule. Buti alikichomoa, akakitupa pembeni, akatoboa sakafu na kuifunga miguu yote kwa boliti.

"Usikaze hapo," mkewe akasema. "Rudisha kitambaa changu."

"Cherehani ya ngozi haitakiwi kutikisika," akajibu, na kweli, kwa ile ya ngozi alikuwa sahihi. Akakaza boliti kwa spana mpaka mguu wa kwenye bonde ukashuka ukagusa sakafu.

Akakaa, akakanyaga. Dude likakubali! Tabaka mbili, tatu, mshono umenyooka kabisa. Akapiga mluzi. Mkewe akacheka, akasogea kutazama. Akaweka tabaka ya nne, akakanyaga kwa nguvu za miguu yote miwili.

Ilikuwa sauti moja, kavu. Mguu ulipasuka kutoka kwenye boliti hadi kwenye maua, dude likaporomoka na kulivunja gurudumu la chini vipande viwili.

Mchomeleaji alijaribu. Kesho yake chuma kikapasuka tena, pembeni ya pale alipochomelea. "Chuma cha namna hii hakipindi, hakishiki," akasema. "Ukikivuta, ndiyo basi."

Mkewe hakufoka. Buti alitamani afoke, atukane hata ukoo wake. Mkewe alikiweka kichwa cha cherehani yake juu ya meza ya chai, akavuta viti viwili. Sare za shule zilikuwa zinasubiriwa.

Sasa Buti hukaa upande wa kulia wa mkewe na kuzungusha gurudumu dogo la kichwa hicho kwa mkono, tangu asubuhi, huku mkewe akiongoza kitambaa. Dude liko chini, limefunikwa gunia.

"Polepole, nafika kwenye kona," mkewe humwambia. "Haya, twende."

Juzi mtu alisimama mlangoni na mkoba uliokatika mkanda. "Samahani. Nimeambiwa kuna fundi wa ngozi hapa."

Mkewe aliinua uso, akamgeukia mumewe. Buti hakumpa nafasi ya kusema.

"Hayupo," akajibu, akaendelea kuzungusha.