Breki za Kumsalimia Mkwe

Juzi nilikuwa kwenye duka la spea za baiskeli pale Dongobesh, nanunua tairi, akaingia kijana mmoja anakokota baiskeli aliyoiunga mwenyewe nyumbani. Akamwamkia mama mwenye duka, kisha akasema kwa sauti ya msiba:

"Breki hazishiki, mama. Jana nimempita baba wa mchumba wangu mteremkoni bila kushuka kumsalimia. Shikamoo yangu ameisikia nimeshampita. Na Jumapili wazee wangu wanapeleka posa."

Mama hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole kwenye rimu, akamwonyesha. Kidole kilikuwa cheusi kwa grisi.

"Habu hii ya katikati ya gurudumu uliipaka grisi kiasi gani?"

"Kopo zima. Ilikuwa inalia."

"Habu inataka kidogo tu. Iliyozidi imefuata spoki mpaka kwenye rimu, ndiyo maana raba za breki zinateleza."

Akampa kitambaa na maji ya sabuni. Kijana akasugua rimu zote mbili mpaka zikang'aa, akatoka kujaribu. Nikatoka nyuma yake kutazama.

Akaja kwa kasi, akafunga breki mbele ya mzee aliyeketi kwenye benchi, akashuka. "Shikamoo baba." Akapanda tena, akasimama mbele ya mzee mwingine mwenye fimbo, akashuka. "Shikamoo baba." Kisha akageuza, akaja mbio, akasimama hatua moja kutoka miguu yangu, akashuka na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo mzee."

Msomaji, breki zile ni nzima kabisa. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani kujitazama kwenye kioo.