Nafasi Alizoachiwa Baba

Mzee niliyepanga naye nyumba moja mtaa wa Frogtown, huko Marekani, Mmarekani mweusi aliyekaa ghorofa ya chini nami ya juu, alinikera siku aliponiambia muziki wa jazi ni wa Wamarekani. Nilikuwa mwanafunzi, Mtanzania mwenye mdomo, na baba yangu alipuliza saksafoni kwenye bendi ya dansi Iringa tangu sijazaliwa. Nikamjibu kwamba ngoma ilitoka kwetu.

“Ilitoka kwenu,” akasema bila kuudhika. “Lakini kulia ilijifunzia huku, kwenye mashamba ya pamba.”

Nikamletea kanda ya baba. Magitaa yalipokolea na watu kuanza kucheza kwa kasi, saksafoni ikapanda, naye akacheka. “Hapo kuna Kuba, kuna kwenu. Na hapo, sikiliza, hapo tupo sisi.” Kweli, baba alijifunzia kwenye santuri za Kimarekani.

Miaka hiyo ya tisini barua zetu zilikuwa kanda: unajirekodi, unampa anayesafiri. Baba alikuwa hoi, kifua kimeharibika, daktari amemkataza kupuliza. Nami vibali vya uhamiaji vilinifunga, siwezi kwenda kumwona. Nilitaka angalau ajue, kabla hajafa, kwamba ng’ambo yuko mtu anayemwelewa. Mzee, ambaye naye alikuwa mpuliza saksafoni, akakubali kumrekodia kanda. Akapuliza taratibu, akinyamaza kila baada ya muda, kisha akiendelea.

“Mbona unaacha mapengo?”

“Namwachia baba yako nafasi ajibu. Muziki huu hauongei peke yake.”

Nilikasirika. Mgonjwa asiye na pumzi ajibu nini? Hata hivyo nikampa kanda Mtanzania mwenzangu aliyekuwa anakwenda likizo.

Baba alifariki theluji haijayeyuka. Watanzania wenzangu wa Fridley, mji wa jirani, walikaa nami matanga sebuleni kwao, na bado nilijiona yatima asiye na kaburi la kulilia.

Yule msafiri aliporudi, alikuja na kanda kutoka kwa mama. Niliisikiliza na mzee.

“Mwanangu,” mama alisema, “kanda yako ilimkuta hai. Aliitaka saksafoni yake kitandani, tukampa. Tukaipiga ile kanda, nami nikarekodi kwa redio nyingine.”

Mzee akasikika kwenye kanda akipuliza, akanyamaza. Katika ule ukimya vikagonga vitufe vya saksafoni, tik, tik-tik: vidole vya baba vikipiga muziki usio na pumzi. Mzee akapuliza tena, akanyamaza, na vidole vikajibu.

“Hajakosea hata mara moja,” mzee akaninong’oneza.

Nilikuwa naomba kanda isiishe.