Nukta Iliyogoma Kuhama

Kwa miaka ishirini na sita Mama Nukta alikula mshahara wa kuona yale ambayo wenzake hawakuyaona. Alikuwa msahihishaji wa gazeti: kila ukurasa ulipita mezani kwake kabla ya kwenda mtamboni. Jina hilo alipewa na wahariri, watu wenye shukrani tele, siku alipozuia ukurasa wa mbele kwa ajili ya nukta moja.

Macho hayo hayakujua kupumzika. Alijiunga na chama cha wapenda nyota waliokuwa wakitumia kwa zamu darubini ya kujiendesha, iliyosimikwa juu ya mlima katika bara jingine. Kila asubuhi picha za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zilimfikia kwenye kompyuta. Aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani, akatafuta nukta ambayo haikuwepo. Nukta kama hiyo huenda ikawa supanova, yaani nyota iliyolipuka. Huenda pia isiwe kitu.

Mara ya kwanza haikuwa kitu. Lilikuwa jiwe la angani likijipitia njia yake. Kwa bahati mbaya alikuwa ameshamwambia wifi yake, na wifi huyo ni redio tupu, ila redio hunyamaza kidogo kupisha muziki. Mara ya pili alimwambia mumewe tu, fundi wa friji. Ikawa vumbi kwenye kamera.

"Mama watoto," mumewe akamwambia, "vumbi hata hapa kwetu lipo. Halitaki darubini."

Alikuwa mume mwema: alirudia maneno hayo mara tatu tu kwa siku.

Ndipo Jumanne moja akaona nukta pembeni mwa galaksi iliyojizungusha kama maji yanayoishia kwenye tundu la sinki. Katika picha ya mwaka jana haikuwepo. Akapekua orodha ya mawe ya angani: hakuna lililopita hapo. Safari hii mdomo akaufunga. Aliomba darubini irudi palepale, akaenda kazini, na siku hiyo akaachia "mkutno" upite kwenye kichwa cha habari. Mhariri alimfuata kumpa pole, akidhani amefiwa.

Kesho yake nukta ilikuwa palepale, haijahama hata unywele, tena imezidi kung'aa. Akaandika taarifa kwa kituo kinachosajili mambo hayo duniani. Kituo kikajibu kwa uchangamfu wa mashine ya risiti: nukta imepewa namba, na hadhi ya "inayodhaniwa". Nyota nzima imepasuka vipande vipande, bado inadhaniwa! Ilibidi darubini kubwa ichambue mwanga wake rangi kwa rangi, na kwenye darubini kubwa kulikuwa na mawingu.

"Imethibitishwa?" mumewe aliuliza kila alipoingia.

"Mawingu."

"Siku ya tano?"

"Sasa mimi ndiye niyapulize?"

Siku ya sita barua pepe ikaja kutoka kwa mtaalamu. Akaisoma kwa sauti sebuleni, mumewe na wifi wakisikiliza. Ilikuwa supanova ya kweli: nyota ndogo nzito iliyofyonza gesi ya nyota jirani mpaka ikalipuka, miaka milioni tisini iliyopita.

"Yaani ilikula vya jirani mpaka ikapasuka?" wifi akauliza.

"Ndivyo."

"Watu wa hivyo nawajua."

"Na duniani kote," mumewe akauliza, "wewe ndiye wa kwanza kuiona?"

"Mimi."

"Basi heri ningenyamaza mapema," akasema. Kwa mwanamume yule, hiyo ilikuwa hotuba ya kuomba radhi.

Gazeti nalo likaamua kumshtukiza kwa habari yenye picha yake, na ili lisiharibu siri, halikumpa aisahihishe. Wasomaji wakajulishwa kwamba msahihishaji wetu amegundua sayari, na kwamba itapasuka mwezi ujao. Akahesabu makosa tisa, akayazungushia wino mwekundu, akamwachia mhariri mezani pamoja na kikaratasi cha asante.

Baada ya miezi kadhaa nukta ilififia, picha ikarudi kufanana na ile ya zamani. Asubuhi hiyo Mama Nukta aliitazama kwa muda mrefu, akachelewa kazini, wala hakutoa udhuru.