Mama Kesho na Siku ya Mwisho

Wanafunzi walimwita Mama Kesho, na jina likamkaa. Alikuwa karani wa usajili chuoni, dirisha la mwisho kwenye korido, na kazi yake ilikuwa kuwagongea muhuri wanaoacha masomo. Mtu alifika na fomu iliyokamilika, saini ya mkuu wa idara ipo, ya maktaba ipo, ya bweni ipo, naye akamtazama juu ya miwani: "Muhuri uko kwa bosi. Njoo kesho."

Muhuri haukuwa kwa bosi hata siku moja. Ulikuwa kwenye droo yake, chini ya sweta. Aliamini kijana hapaswi kuacha chuo kwa hasira za siku moja, basi alimpa usiku wa kulifikiria. Na kabla hajaondoka alimuuliza swali lile lile: "Nyumbani wanajua?" Wengi walikuwa hawajasema. Wengine hawakuonekana tena dirishani, walirudi darasani, naye akatembea kifua mbele wiki nzima utadhani kawazaa yeye.

Wanaotoweka kimyakimya ndio waliomkera. "Ukiaga rasmi, mlango unabaki wazi," aliwafokea. "Ukitoroka, unaandikiwa sifuri masomo yote, na sifuri haifutiki."

Binti yake alikuwa akisoma sheria hapo hapo. Mama ndiye aliyemchagulia, na mtaani alishaanza kumwita "wakili wangu" kabla hata ya mtihani wa kwanza.

Siku ya mwisho ya kujiondoa bila kuandikiwa sifuri, foleni ilijaa korido nzima. Siku hiyo kesho haikuwepo, kwa hiyo Mama Kesho aligonga muhuri mfululizo huku roho ikimuuma. Akapokea fomu nyingine, akaona mwandiko anaoujua. Alipoinua uso, mbele yake alisimama binti yake.

Saini zote zilikuwepo. Hata ya mkutubi, ambaye mchana ule ule alikula naye na hakufungua mdomo. Chuo kizima kilijua isipokuwa yeye.

"Muhuri uko kwa bosi," alisema. "Njoo kesho."

Foleni ikacheka, maana muhuri alikuwa ameushika mkononi.

"Mama, huo hapo."

"Nimesema njoo kesho."

"Kesho naandikiwa sifuri. Si wewe mwenyewe unayesema kila siku? Muhula mzima nikiingia darasani pumzi inakatika. Nimejaribu, mama. Sheria siiwezi."

Kinywani mwa Mama Kesho lilikuwepo lile swali la kila siku tu, na likamtoka kabla hajalizuia.

"Nyumbani wanajua?"

Binti alijifuta macho kwa kiganja.

"Ndio nawaambia sasa."

Mama Kesho aliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya watoto wa watu. Hao wote aliwauliza. Huyu wa kwake alilala naye nyumba moja, akamwita wakili asubuhi na jioni, na hakumuuliza hata mara moja kama anaendelea vizuri.

Akagonga muhuri taratibu, kwa mikono miwili, akamrudishia nakala yake.

"Nisubiri hapo kwenye benchi, mwanangu," alisema. "Leo tutarudi pamoja, unisimulie tangu mwanzo."