Mbawakawa Wenye Madoa Mawili

Kupiga picha nimejifunza mwenyewe, na hofu yangu kubwa ni kuonekana sijui. Mwezi uliopita bwana shamba aliniomba nipige picha ya mbawakawa weusi wanaokula mizabibu kijijini Mkonze, ili wakulima wawatambue na kuwaua.

Flashi moja ya kamera ilileta kivuli upande mmoja wa mdudu. Kwa kuwa siku hizi vitu vya nje vimejaa madukani, nikanunua ya pili, na fundi wa kuchomelea akanitengenezea kishikio cha chuma: flashi moja kushoto mwa lenzi, nyingine kulia. Nafasi zake nilizipima kwa rula.

Picha ziliposafishwa, kila mdudu alikuwa na madoa mawili meupe mgongoni. Badala ya kujiuliza, nikajisifu kwamba kamera yangu imeona yaliyowashinda wenye macho. Bwana shamba akaniamini, akawatangazia wakulima waue wenye madoa tu, wengine hawana neno.

Jana mimi na bwana shamba tulirudi Mkonze. Mizabibu ya Mama Neema, mmoja wa wakulima hao, imebaki vijiti.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wenye madoa tumewatafuta mpaka macho yakauma. Hawa weusi tupu tumewaacha washibe, kama mlivyosema."

Bwana shamba akaitoa picha, akaitazama kwa muda. Kisha akagusa zabibu zilizo kando ya mdudu.

"Kijana, mbona hata zabibu zina madoa mawili mawili?"

Nikazitazama flashi zangu. Madoa yale yalikuwa mng'ao wake tu.

Mama Neema akachungulia picha. "Basi na zabibu tuziue?"